Efeso: tumelipia magofu, tukapelekwa duka la makoti ya ngozi!

Wakuu, nina hasira. Kama una mpango wa kwenda Uturuki kuona Efeso, soma hapa kabla hujamtumia wakala yeyote hela.

Ratiba tuliyolipia ilitaja jiji la kale, jumba la maonyesho (ukumbi wa wazi wa michezo wa kale, wenye ngazi za kukalia), Barabara ya Bandari na hekalu la Artemi, mungu wa kike wa Wagiriki. Tukashushwa geti la juu, tukaswagwa kama mbuzi wa mnadani hadi Maktaba ya Celsus, ile maktaba ya enzi za Warumi. "Pigeni picha, dakika kumi!" Dakika kumi! Uso wa maktaba ile uliporomoshwa na tetemeko, na wataalamu wakausimamisha tena miaka ya 1970, kipande kwa kipande. Ukisogea karibu unaona kabisa jiwe jipya lilipoungwa na la zamani. Zile sanamu nne za wanawake ni nakala, zenyewe ziko Vienna, Austria. Kiongozi wetu hakusema hata moja kati ya hayo.

Jumba la maonyesho, linaloingiza watu kama 25,000, tuliliona kwa mbali. Ni humo humo Waefeso walimopiga kelele saa mbili nzima, Matendo 19! Habari hiyo naijua tangu shule ya Jumapili, halafu nafika pale nazuiwa hata kukanyaga ngazi?

Nikamuuliza kiongozi bandari ilikuwa wapi. "Huko mbali," akaangalia saa. Jamani, hili lilikuwa jiji la pwani! Tope la mto ndilo lililoziba bandari, leo bahari iko kilomita kadhaa. Barabara ya Bandari bado ipo, imenyooka kama nusu kilomita kutoka jumba la maonyesho, na mwisho wake ni kinamasi badala ya meli. Usipoiona hiyo hujaelewa Efeso ilikufaje.

Haraka yote ile ilikuwa ya kuwahi duka. Taa zikazimwa, mamodo wakapita na makoti, kisha wauzaji wakatuganda mmoja mmoja. Tulikaa humo kuliko magofuni! Hekalu la Artemi, moja ya Maajabu Saba ya dunia ya kale, tuliliona dirishani mwa basi: nguzo moja imesimama, basi likapita.

Nimedai sehemu ya hela yangu, wamejibu eti "ratiba inaweza kubadilika". Sikubali. Nililipa kwa kadi, na ratiba yao ya maandishi ninayo. Aliyewahi kudai kupitia benki kwa kesi ya namna hii aniambie alianzia wapi.