Fundi aliyetoboa boti yangu kwa ajili ya farumi ya maji: nataka fedha zangu, si maneno

Ndugu wanajamvi, assalaam aleikum.

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Boti yangu ya michezo ya baharini, inayofanya kazi Kendwa, kaskazini ya Unguja, imetolewa majini na ipo juu ya trela, kwa sababu fundi niliyemlipa shilingi 2,400,000 aifungie mfumo wa farumi ya maji, yaani uzito wa maji unaopakiwa ili boti ikae chini, ameitoboa kwa namna ambayo kila mifuko inapojazwa, bahari nayo inaingia. Simtaji jina, kwa kuwa shauri hili huenda likafika mbele. Yeye mwenyewe hakanushi kwamba maji yanaingia; anachokanusha ni kwamba kosa ni lake.

Kwa wasioifahamu kazi hii nitaeleza kidogo. Katika mchezo wa weikibodi, mchezaji husimama juu ya ubao, akashika kamba ya mita 18 hadi 21, akavutwa na boti inayokwenda takriban kilomita 35 kwa saa, na wimbi linaloachwa na boti ndilo analolitumia kurukia. Boti nyepesi huacha wimbi dogo, na mgeni aliyezoea boti za kwao hulalamika kwamba hana cha kurukia. Ndiyo maana huwekwa mifuko mizito ya plastiki chini ya viti, ikajazwa maji ya bahari kwa pampu za umeme, boti ikakaa chini na wimbi likapanda; mchezo ukimalizika, maji humwagwa. Uzito ukizidi tezi, yaani nyuma ya boti, wimbi huwa kali na la mwinuko; ukiongezwa omo, yaani mbele, hulainika na kurefuka. Kwa hiyo si suala la kujaza tu, ni suala la kujua uzito unakaa wapi, jambo ambalo manahodha wa majahazi ya Malindi walilijua tangu enzi za farumi ya mawe na mchanga.

Mifuko yangu ni mitatu: miwili ya lita 340 kila mmoja huko tezi, na mmoja wa lita 200 omo. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, hivyo jumla yake inapita kilo 900, sawa na kupakia watu wazima 12 wa kilo 75 kila mmoja kabla hata nahodha hajapanda. Uzito huo ni sehemu ya ule unaoruhusiwa na kibao cha uwezo wa chombo, na kila kilo ya maji inapunguza nafasi ya abiria. Nilimweleza fundi haya tangu siku ya makubaliano, na akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa tazameni alichokifanya.

Kila mfuko unahitaji njia ya kutolea hewa na maji ya ziada, na njia hiyo hutoka ubavuni kupitia tundu linalopaswa kuwa juu ya usawa wa maji. Fundi aliyapima matundu hayo boti ikiwa juu ya trela, mifuko mitupu, bila mtu ndani, kwa kufuata mstari wa uchafu uliobaki ubavuni kutoka siku boti ilipokuwa nyepesi, kisha akapandisha sentimita chache na kuingiza keekee. Boti ilipobeba kilo zake 900 na wageni wakapanda, ilishuka, na matundu ya tezi yakazama. Kuanzia hapo njia ya kutolea maji ikageuka kuwa njia ya kuingizia. Hakuupandisha hata mpira wa njia hiyo juu ndani ya boti kabla ya kuushusha kwenye tundu, hatua ambayo ingezuia maji kurudi. Mfuko wa kulia ukawa unaendelea kujaa wakati swichi imezimwa, wa kushoto ukabaki nusu kwa sababu pampu yake ilikuwa imeshika hewa, na boti ikaanza kulala upande mmoja. Anayejua bahari anajua ubaya wa mfuko ulio nusu: maji hayakai mahali pake, hukimbilia upande uliolala na kuulaza zaidi. Alhamdulillahi nahodha wangu ni mtu mzima na mwenye busara; aliwahamisha wageni, akapunguza mwendo na kurudi pwani bila kupiga kelele.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike uzi huu badala ya kumalizana naye kimyakimya. Pampu za kujazia zinavuta maji kupitia matundu yaliyotobolewa chini kabisa ya boti, na tundu lolote la chini ya maji lazima liwe na valvu ya kufunga kwa mkono, ili mpira ukichomoka mtu aweze kuizuia bahari. Matundu matatu, valvu hakuna hata moja. Mpira umevishwa moja kwa moja kwenye kiungio na kukazwa kwa klipu moja, nayo ya chuma cha kawaida ambacho tayari kinatoa kutu nyekundu. Mpira wenyewe ni ule wa kumwagilia bustani, usio na uzi wa kuuimarisha, na kwenye kona ya chini ya kiti umejikunja ukabonyea. Tundu la milimita 25 lililo sentimita 30 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Boti hii hulala kwenye nanga usiku. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika, na maji yaliyofika ngamani mwangu hayakukuta wa kuyatoa, kwa sababu fundi alipokuwa akipitisha waya zake aliukata ule wa swichi ya boya, inayowasha pampu ya ngama maji yanapopanda, na hakuuunga tena.

Nilipomuuliza kuhusu valvu, jibu lake lilikuwa hili, neno kwa neno: "Sheikh wangu, maji yakiingia si yatatoka? Pampu ipo."

Viungio alivyotumia ni vya shaba ya njano, vile vya mabomba ya nyumbani vinavyouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Chini ya maji ya chumvi hutakiwa bronzi au plastiki maalumu ya boti, kwa sababu bahari huinyonya zinki iliyomo ndani ya shaba ya njano na kuacha shaba laini yenye vinyweleo, yenye rangi inayoelekea waridi, ambayo kwa nje ina umbo lile lile lakini ukiigonga inavunjika. Kuzunguka viungio hivyo amepaka silikoni ya madirisha. Kibaya zaidi, sehemu ya chini ya boti yangu imejengwa kwa tabaka mbili za faiba zenye mbao nyepesi katikati, na kingo za mbao zilizofunuliwa na keekee zilipaswa kuzibwa kwa epoksi kabla ya kitu chochote kuingizwa. Hakuziba. Tulipofungua kiungio cha kushoto, niliibonyeza mbao kwa ukucha na ikatoa maji.

Waya sitazirefusha, maana hapo hata fundi wa taa za nyumbani angecheka. Ni waya za kawaida zisizopakwa bati, zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa gundi ya karatasi, na rangi ya kijani imeshajitokeza kwenye maungio. Fyuzi haipo, ilhali inatakiwa ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18. Pampu mbili kati ya tatu zimewekwa katika chumba cha injini ya petroli na hazina kinga ya cheche. Mvuke wa petroli ukikusanyika humo na pampu ikatoa cheche moja, tutakuwa tunazungumzia habari nyingine kabisa.

Kuna watu watakaoniambia kwamba ninakuza mambo, kwamba ni boti ndogo ya starehe na pwani ipo karibu. Sisi wa kaskazini ya Unguja, ambao Septemba 2011 tuliwapokea hapo Nungwi waliookolewa na waliofariki wa MV Spice Islander I, meli iliyozama ikiwa imebeba kupita uwezo wake, hatuhitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba uzito juu ya maji si jambo la mzaha.

Fundi ananiahidi kwamba atakuja "kuziba" kwa pati, na kwamba fedha hazirudi kwa sababu vifaa vimeshatumika. Pati siitaki. Tundu la chini ya maji huzibwa kwa kulisaga pembeni pande zote hadi liwe na mteremko, kuondoa mbao iliyolowa, kukausha, kisha kujenga tabaka za faiba na epoksi moja baada ya nyingine, na kazi hiyo ataifanya mjenzi wa boti ninayemchagua mimi, kwa gharama ya yeye aliyetoboa. Ninadai malipo yangu yote na gharama hiyo juu yake. Hasara ya wageni walioghairi nimeamua kuisamehe. Nimempa hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo tutakutana kwa sheha, na tusipoelewana mbele ya sheha, mahakamani. Picha ninazo, na risiti yenye saini yake ninayo.

Wenye boti mliofungiwa mfumo kama huu baina ya Nungwi na Mkokotoni, inueni viti vya nyuma leo hii na mfuate kila mpira hadi unapoishia. Mkikuta kiungio cha chini ya maji kisicho na mkono wa kufungia, boti isilale majini usiku wa leo. Na kama kuna anayejua duka lenye valvu za bronzi za inchi moja, liwe Unguja au Dar es Salaam, tafadhali aniandikie hapa chini pamoja na bei, kwani katika kila duka nililoingia mjini ninaoneshwa koki za tangi la nyumbani na kuambiwa kwamba ni hizo hizo.