Naomba ushauri: mstari unafifia haraka mno kwenye chapa ya linoliamu

Habari zenu wanajamvi. Bamba langu la linoliamu (malighafi laini ya kuchonga; sehemu inayobaki juu ndiyo hushika wino) ni sentimita 30 kwa 40, limechongwa lote na kubakishwa mstari mmoja wa mlalo, upana milimita 3. Napaka wino wa mafuta mara moja, kisha nachapa karatasi nne mfululizo bila kuongeza, ili mstari ufifie taratibu. Karatasi ni ya pamba, gramu 250 kwa mita ya mraba, yenye unyevu kidogo.

Chapa ya pili inatoka hafifu ghafla, ya tatu karibu haionekani. Nikizidisha wino, ya kwanza inavimba kingoni. Pia rola ya kupakia wino hugusa matuta madogo yaliyobaki baada ya kuchonga, na kidoa kimoja tu kwenye weupe unaouzunguka mstari kinaharibu nafasi yote, maana jicho linakimbilia hapohapo. Nimechonga kwa kina zaidi na kuziba sehemu hizo kwa karatasi iliyokatwa dirisha penye mstari. Vidoa vimepungua, mfifio bado.

Je, nianze na mgandamizo mdogo wa mashine na kuuongeza kila karatasi, au nichanganye wino upya na mafuta yake angavu (yanayopunguza ukolevu wa rangi) kila mara? Hilo la pili naogopa litaonekana la kupangwa, si wino kuisha kweli. Na nikiukata mstari kama ukanda peke yake, kuna njia ya kubakiza alama ya kingo za bamba, yaani ule mbonyeo unaobaki kwenye karatasi? Ndiyo inayoushika utupu.