Mama kifua kinambana, anapewa dawa ya gesi: Tanga hii tabia ikome

Wakuu, tumechoka na leo tunasema. Mama wa miaka hamsini na kitu, ana presha na sukari, anafika hospitali anahema, kijasho chembamba kinamtoka, chembe cha moyo kinambana na uzito umempanda mpaka kwenye taya. Anaulizwa jana amekula nini! Anaandikiwa omeprazoli na magnesiamu, anaambiwa apunguze mawazo. Kuanzia Ngamiani hadi Pongwe ni hivyo hivyo, na asipopata nafuu majirani wanamalizia: ana jini huyo, akasomewe.

Mwanamume akija na hayo hayo, moyo ndio unaofikiriwa kwanza. Kwa nini mwanamke aanziwe tumbo?

Na huu upotoshaji kwamba mwanamke mwenye shambulio la moyo haumwi kifua nao ukome. Wengi wanaumwa, ila hawasemi "naumwa". Wanasema kinabana, ni kizito, kinakaba. Kinachompoteza mpimaji ni yale yanayofuatana nacho: kichefuchefu na kutapika, maumivu ya mgongo wa juu, shingo, taya au mikono, pumzi kukata, na uchovu usio wa kawaida ambao huweza kuanza siku au wiki kadhaa kabla. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza asisikie maumivu kabisa kwa sababu mishipa ya fahamu imeharibika. Akaja na jasho na kuhema tu. Muulizeni pia: kubana kunakuja ukibeba ndoo au ukipanda ngazi, kukatulia ukikaa? Akisema ndiyo, acheni habari za gesi.

ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, inatakiwa ipigwe ndani ya dakika 10 tangu afike, si baada ya foleni ya faili. Na hata ikipigwa, inaharibiwa. Waya ziko 10, nne za mikono na miguu, sita za kifuani. Kwa mwanamke mwenye matiti makubwa, zile za upande wa kushoto zinakaa chini ya titi, si juu yake. Mpimaji anaona haya, anamwacha mama na sidiria na dera lake, anabandika panapofikika, picha inatoka ya uongo. Vuteni pazia, aitwe nesi wa kike, sidiria ivuliwe, titi liinuliwe kwa mgongo wa kiganja, waya zibandikwe, kisha afunikwe kanga. Hapo stara imevunjwa wapi?

ECG ya kwanza ikitoka safi, hiyo siyo ruhusa ya kwenda nyumbani. Dalili zikiendelea, irudiwe baada ya dakika 15 hadi 30. Kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, nacho kirudiwe baada ya saa chache, maana damu ikichukuliwa mapema mno, troponini inaweza kuwa haijapanda.

Wanaotuuma zaidi ni wajawazito na wazazi. Mzazi yuko ndani ya arobaini, miguu imevimba, usiku anakohoa, hawezi kulala mpaka aegemezwe mito, anaambiwa ni uchovu wa uzazi! Misuli ya moyo inaweza kudhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Na binti anayeanza kuhema mimba inapokua anaweza kuwa na valvu, yaani mlango wa moyo, iliyoharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, iliyoanza na koo tu ambalo halikutibiwa. Mimba inaongeza damu mwilini kwa karibu nusu, valvu iliyosinyaa haihimili. Hao wote wapigwe ultrasaundi ya moyo. Aliyepata kifafa cha mimba naye asifutwe kwenye orodha baada ya kujifungua. Hatari ya moyo inabaki miaka mingi.

Wenye maduka ya dawa, mama mwenye kubanwa kifua na jasho la baridi hauziwi dawa ya gesi. Atafune aspirini miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75, asivimeze vizima. Asipewe kama ana mzio nayo, anatapika damu, anapata choo cheusi, au mdomo umepinda na maneno hayatoki. Bajaji iitwe papo hapo, wala asitembee kuifuata.

Na waganga wafawidhi mnaosoma hapa: mashine ya ECG, pamoja na karatasi zake, ikae chumba cha dharura usiku na mchana. Isifungiwe kabatini Ijumaa ikasubiri mwenye ufunguo Jumatatu.