Hilux D4D inatetemeka ikiwa silensa, wapi nitapata turbo ya mtumba Moshi au Arusha?

Mabua_Mawili (Jumanne, saa 3:12 usiku)
Wakuu habari za jioni, niende kwenye mada. Nina Hilux D4D, injini 3.0 ile ya 1KD. Inawaka bila shida, lakini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Mshale wa rpm unashuka, unapanda, unakaa, unashuka tena. Kioo cha ndani kinatikisika mpaka boda aliye nyuma yangu anaonekana wawili. Ukikanyaga ikafika 1,500 hivi inatulia kabisa, inakuwa gari. Asubuhi inatoa moshi mweupe kidogo.

Nimeshabadilisha plagi zote nne na chujio la hewa, hali ni ile ile. Fundi wangu hapa Moshi ameisikiliza, akaweka kiganja kwenye eksozi, akasema turbo imekwisha. Naomba kuelekezwa wapi nitapata turbo ya mtumba yenye hali nzuri, kabla ya Jumamosi. Wenye kejeli wapite kimya kimya.

ChaliiWaKijenge
Wenye kejeli tumeshafika, tunatafuta viti.

FundiKobe
Mkuu weka turbo pembeni kwanza. Gari ikiwa silensa turbo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, inazunguka tu, haina upepo wa maana inaosukuma. Turbo ikifa utaijua mlimani: gari inakuwa nzito, inapiga filimbi, inatoa moshi wa buluu, na ukifungua paipu ya hewa unakuta oili imejaa. Mtetemo wa silensa unaokwisha ukikanyaga, mimi naanza na njia ya mafuta: nozeli zinazorusha mafuta ndani ya injini, vali ya pampu, chujio. Baada ya hapo EGR, ile vali inayorudisha moshi wa eksozi kwenye injini, maana ikiziba masizi ikabaki wazi nayo inaleta mchezo huo. Na mpira wa maunti unaoshikilia injini usiusahau.

Nijibu haya: taa ya maji ya chujio la dizeli imewahi kuwaka? Nozeli zimewahi kufunguliwa? Mara ya mwisho umejaza mafuta wapi?

Mabua_Mawili
Asante fundi. Nozeli sijui kama zimefunguliwa. Maunti ziko vizuri. Kuhusu turbo, fundi wangu ana uzoefu wa miaka mingi na alisikia mlio. Naomba tusaidiane kwenye bei.

MangiMstaafu
Vijana mnateswa na kompyuta. Mimi nimeendesha Land Rover 109 kutoka Marangu mpaka Tanga, haina sensa, haina nini. Ikigoma unashuka, unapuliza mpira wa mafuta kwa mdomo, unatema, unaondoka. Siku moja pale Same tulilala njiani na gunia 14 za kahawa, mvua inanyesha, kondakta wangu akavua shati akafunika delko ya gari, ile inayogawa umeme kwenye plagi, wakati gunia zinalowa. Nikamuuliza wewe una akili? Akasema mzee, kahawa itakauka, delko ikilowa hatufiki. Huyo ndiye fundi. Leo mtu anaweka kiganja kwenye eksozi anakwambia turbo imekwisha.

MamaNdizi_Uru
Mimi sijui nozeli. Nauliza, Jumamosi kuna nini?

Mabua_Mawili
Kuna shughuli tu ya kifamilia mama.

MamaNdizi_Uru
Baba, nina watoto wa kiume watatu, sauti hiyo naijua. Gari si yako.

Mabua_Mawili
Sawa, nitasema. Gari ni ya baba mkwe. Yuko Dodoma kwenye msiba, anarudi Jumamosi. Aliniachia funguo nikamletee mabua ya ng'ombe kutoka Chekereni nipeleke kwake Kibosho. Nimeenda safari tatu. Ya tatu ndiyo ilianza. Na kwa kweli turbo nimeshaipata Arusha, nimetoa advansi laki nne kwenye laki tisa na nusu, nilitaka tu kujua kama bei ni halali. Msinicheke, nimeoa mwaka jana.

ChaliiWaKijenge
Mzee anarudi kutoka msibani anakuta msiba mwingine umeegeshwa kwenye uwanja wake 😂

FundiKobe
Hilo la mkwe halinihusu. Swali la mafuta umeliruka. Safari ya pili ilikuwa salama, ya tatu mbaya. Katikati yake uliweka mafuta wapi?

Mabua_Mawili
Naweka sheli kama watu wote.

FundiKobe
Sheli ipi?

MamaNdizi_Uru
Jibu fundi, baba.

Mabua_Mawili
Haya. Nilinunua madumu mawili ya lita 20 kwa vijana fulani kando ya barabara ya Himo. Walinipunguzia 500 kila lita. Lakini dizeli ilikuwa safi jamani, niliinusa, nikamwaga kidogo mkononi, rangi ni ileile. Na watu wengi wananunua pale, malori yanasimama. Kwa hiyo sidhani kama ndiyo sababu, ndiyo maana sikuisema.

ChaliiWaKijenge
Lita 40 mara 500. Umeokoa elfu ishirini. Umetoa laki nne. Hesabu imekaa vizuri, endelea.

MangiMstaafu
Ndiyo maana neno kuchakachua likaingia kwenye kila mdomo. Zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi, wakawa wanayachanganya na dizeli, mpaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo ife. Ikapungua, sasa wajanja wanauza ya wizi kutoka kwenye matangi ya malori, na dumu lililolala nje lina umande. Kijana hajamaliza mwaka kwenye ndoa ananunua mafuta ya wizi kuweka kwenye gari ya mkwe. Sisi tulikuwa tunapeleka mbege.

JichoLaTatu
Samahanini, mimi nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Dizeli ina plagi gani? Huyu ameandika kabisa "plagi zote nne". Alianza na "nina Hilux", sasa ni ya mkwe. Alisema sheli, sasa ni dumu. Kesho atasema ni bajaji. Uzi umetungwa huu, mtu anauza turbo. Subirini mtaona namba ya simu.

MangiMstaafu
Hata mimi niliona hakuna mkwe wa Kibosho anayemwachia mkwewe funguo.

FundiKobe
Jicho, dizeli ina hita plagi, zinapasha chumba cha moto wakati wa kuwasha. Mtu asiyejua gari anaziita plagi. Anayetunga angeuliza gugo akaandika vizuri zaidi.

JichoLaTatu
Au anayetunga ndiye anaandika hivyo ili umtetee.

ChaliiWaKijenge
Na wewe Kobe labda ndiye fundi wa kiganja.

FundiKobe
Haya. Mabua, kama upo kweli, kesho asubuhi usiwashe gari. Chini ya chujio la dizeli kuna koki ndogo. Kata chupa ya maji, kinga, legeza koki, piga ile pampu ya mkono iliyo juu yake. Acha itulie dakika kumi, uje utuambie umeona nini. Ukishayamwaga mafuta yale yote ndipo mkapime marejesho ya nozeli, yaani mafuta ambayo kila nozeli inayarudisha, kila moja na chupa yake.

Mabua_Mawili (Jumatano, saa 10:40 jioni)
Nipo. Nimerudi.

Nilikinga kama ulivyosema. Dizeli ikakaa juu, chini yake maji meupe, yamejitenga kama mstari wa rula, kimo cha vidole viwili. Kwenye maji kulikuwa na vipande vyekundu vya kutu vinazunguka taratibu. Nilikaa naitazama ile chupa muda mrefu.

Tangi tumelishusha, tumelikausha, chujio jipya, dizeli ya sheli. Kweli ya sheli, risiti ninayo. Mtetemo ukapungua nusu lakini upo. Nikaenda gereji nyingine, wakafunga mipira ya dripu kwenye marejesho ya nozeli, kila mpira kwenye chupa yake ya soda. Dakika mbili tu, chupa tatu zikapata robo, ile ya nozeli ya tatu ikajaa hadi shingoni.

FundiKobe
Ndiyo hiyo. Imekuwa ikirudisha mafuta badala ya kuyarusha, silinda hiyo inachechemea ukiwa silensa, ukikanyaga wenzake wanaibeba. Maji yameikwaruza, mafuta ndiyo grisi yake. Itolewe ikapimwe kwenye mashine, ikishindikana utafute nyingine. Washa ya shaba, ile ringi iliyo chini yake, iwe mpya, usikubali ile ya zamani igeuzwe upande. Ikivuja, moto unapita, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba kile kichujio kinachonyonya oili chini ya injini, na hapo utatafuta injini. Nozeli ikibadilishwa, ile namba ndefu iliyoandikwa kichwani mwake iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Turbo usiiguse.

MamaNdizi_Uru
Na mkwe umemwambia?

Mabua_Mawili
Fundi Mungu akubariki. Mama, hilo tutalizungumza Jumamosi.

Sasa wadau, yule wa Arusha anasema advansi hairudi, nikachukue mzigo au niache. Pesa ya nozeli itatoka wapi? Kama kuna mtu anahitaji turbo ya 1KD, nimeiona kwa macho, shafti haina mchezo, mapanga yote mazima. Anipe laki tatu tu, akamalizie kilichobaki kwa muuzaji.

JichoLaTatu
SI NILIWAAMBIA.

ChaliiWaKijenge
😂😂😂 Jicho chukua kiti cha mbele.

FundiKobe
Shafti umeitikisa mwenyewe, au na yenyewe umeambiwa? Nina mteja Ngaramtoni. Njoo inboksi.