Tupeane uzoefu: umri, jinsia na familia vimekuchaguliaje kazi?

Wakuu, tukiulizwa kwa nini tupo kwenye kazi tulizo nazo, wengi tunajibu "nilipenda". Mimi naamini hali zetu zimeamua mengi kabla yetu. Naanza na yangu.

Ni mhasibu, mama wa watoto wawili. Kabla ya watoto, nikipewa mkataba nilikuwa naangalia mshahara kwanza. Siku hizi naangalia saa ya kutoka. Nilipopewa ukuu wa kitengo niliukataa: mwisho wa mwezi hesabu zinafungwa saa nne usiku, na simu haizimwi hata Jumapili. Aliyeuchukua tulianza kazi pamoja, elimu yetu moja, na yeye pia ana watoto. Ila kwake yupo wa kuwapokea wakitoka shule. Claudia Goldin, aliyepata Nobel ya Uchumi 2023, alichambua takwimu za Marekani za zaidi ya miaka 200. Akaonyesha kwamba siku hizi pengo la kipato kati ya wanaume na wanawake wa fani moja huanza hasa anapozaliwa mtoto wa kwanza. Jambo hili linaniuma, maana uwezo haujapungua hata kidogo.

Mchangiaji wa 2: Nina miaka 52, fundi mitambo. Kiwanda kilipofungwa, kila tangazo nililosoma lilitaka mtu asiyezidi 35. Nikafuta mwaka wa kuzaliwa kwenye wasifu, nikaanza kuitwa kwenye usaili. Nikiingia tu, macho yote kwenye mvi. Sasa nimejiajiri, natengeneza pampu za maji. Biashara sikuitafuta, nilisukumwa. Na mjue kwamba Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, unaopinga ubaguzi kazini, unataja rangi, jinsi, dini, siasa na asili ya mtu. Umri haumo, nchi yenyewe ndiyo iamue kuuongeza.

Mchangiaji wa 3: Miaka 24, sina mke wala mtoto. Watu hudhani niko huru, kumbe ni kifungua mimba na wadogo zangu wananitegemea ada. Nilipata mafunzo kazini kwenye fani niliyosomea, bila malipo. Nikayaacha, nikaenda mauzo.

Mchangiaji wa 4: Muuguzi wa kiume hapa. Kazi naipenda, lakini kila mgonjwa mzito wa kunyanyuliwa naitwa mimi, hata wodi isiyo yangu.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Wa 2, wateja wa kwanza uliwapataje? Na akina baba mliokataa uhamisho kwa ajili ya watoto, tunawasubiri.