Kijana wa simu pale soko ya Kenya AMENIVUTA UTEPE!!! Naomba mnishike

PapaKasete_Katuba:

Nimetoka huko sasa hivi, mikono inatetemeka, makosa ya kuandika mtayameza hivyo hivyo.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa simu upande wa soko ya Kenya, mwenye miwani myeusi hata mvua ikinyesha, mwenye bafle, spika kubwa, inayoimba toka alfajiri mpaka watu wanafunga meza, besi inapasua mayai ya mama anayeuza jirani yake. Huyo huyo.

Nilienda kununua ekuteri, za kuweka masikioni. Za waya. Basi! Nikampa walkman yangu, ile mashine ya mfukoni ya kupiga kasete, aone kama pini inaingia, na pini yenyewe ni ile ya milimita 3.5, haina siri yoyote. Kijana akaigeuza, akaigeuza, akaiweka sikioni: «Alo?» Watu wakacheka. Nikanyamaza. Akauliza kadi ya simu inaingilia wapi. Wakacheka tena, mpaka mama wa mayai. Nikanyamaza, mimi ni mtu mzima. Kisha akafungua kimlango, akatoa kasete, akaingiza ukucha, ule wa kidole cha mwisho anaoufuga sijui wa nini, AKAVUTA UTEPE. Anavuta, anasema: «Papa, memori iko wapi humu ndani?»

Alivuta kama mtu anayetoa utumbo wa kuku. C-90, kasete ya dakika 90, ina zaidi ya mita 120 za utepe ndani, na mimi nawaambia zote zilitoka, zikapita njia ya mihogo, zikaulizia basi ya Kasumbalesa, kule mpakani.

Na ni kasete gani! Upande wa kwanza Franco, yule wa rumba. Upande wa pili Bosco Mwenda, mpiga gitaa, nilimrekodi redioni, na katikati ya gitaa mtangazaji anaingia kutaja saa. Bosco mtanipatia kwenye simu, sawa. Huyo mtangazaji mtamtoa wapi?

Halafu ananiambia, utepe ungali umemzunguka mkononi: «Papa, lete pesa kidogo nikuwekee nyimbo elfu moja kwenye flash.» Nyimbo elfu moja! Maneno yenyewe si yake. Apple ndio walioimba hivyo mwaka 2001, iPod ya GB 5, nyimbo 1,000 mfukoni. Iko wapi leo? Waliiacha 2022. Kasete Philips waliitoa 1963 na mimi bado niko nayo. Nilikuwa nayo. Mpaka ule ukucha.

Na bafle yake ile, umeme ukikatika jioni inalia kidogo, inaaga kwa Kiingereza, inakufa. Walkman ni mapile mawili, betri ndogo. Yakichoka unayauma meno, unayaanika juani, Franco anaendelea. Anaendelea kwa sauti ya shetani, lakini anaendelea.

AMEVUTA UTEPE. Mbele za watu. Na ekuteri hakuniuzia, eti za waya zimeisha toka zamani.

Yaya_Mado:

Pole sana Papa. Huyo mimi alinibadilishia kioo cha simu, nikafika nyumbani simu inapigia watu yenyewe. Ilimpigia mchungaji saa nane ya usiku. Mchungaji akapokea.

Kijana_wa_Kasapa:

Papa, heshima yako, lakini utepe ukivutwa si unaurudisha na kalamu ya Bic? Unaingiza kwenye tundu, unazungusha, imekwisha. Mimi niko na nyimbo zote ndani ya simu, ekuteri bila waya, hakuna mtu wa kunivuta kitu.

PapaKasete_Katuba:

Bic inarudisha utepe uliolegea, mwanangu. Huu umekanyagwa na mkokoteni! Na wewe ekuteri zako bila waya, ya kushoto iko wapi?

Kijana_wa_Kasapa:

Papa tusiingize mambo ya familia.

Yaya_Mado:

😂😂 Iko mferejini. Nilikuwepo.

Shahidi_wa_Mihogo:

Na mimi leo nilikuwepo sokoni. Papa hajasema yote. Alitukana kwa lugha tatu: Kibemba, Kiluba, na ya tatu mpaka sasa hakuna aliyeitambua. Samahani Papa, ila ile «Alo?» ilikuwa tamu, nimelia machozi.

PapaKasete_Katuba:

Kumbe ulikuwepo, ukaona ukucha unaingia, ukanyamaza???

Shahidi_wa_Mihogo:

Simu yangu ilikuwa mezani kwake imefunguliwa tumbo. Ningesema nini?

Mgeni_wa_Pwani:

Samahani wakuu, huyu yuko Kenya au yuko Kongo?

Yaya_Mado:

Komini ya Kenya, ndugu yetu, Lubumbashi. Tulikuwa nayo bila kuomba ruhusa kwa mtu.

FundiPosti_Kamalondo:

Papa usiitupe. Angalia ganda: kama lina skrubu pembeni unalifungua polepole, unauzungusha utepe kwenye roli kwa mkono safi. Kama limegundishwa, unalipasua taratibu na kuhamishia roli kwenye ganda jingine. Pale palipokunjika vibaya unakata na kuunganisha, ila usitumie selotepu ya mtoto wa shule, gundi yake inatoka inachafua kichwa cha walkman, kile kinachosoma utepe. Utepe unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukikata sentimita kumi umepoteza kama sekunde mbili za wimbo, si zaidi.

PapaKasete_Katuba:

Na kama sekunde mbili zenyewe ni zile za mtangazaji anataja saa?!

FundiPosti_Kamalondo:

Basi hutajua saa, Papa.

Kijana_wa_Kasapa:

Lakini tuseme ukweli, kasete zilikuwa zinapiga «ssssss» kuliko muziki. Besi hakuna. Unataka wimbo wa nne, unabonyeza kwenda mbele, umepitiliza, rudi nyuma, umepitiliza tena, pile zimeisha na wimbo hujausikia.

FundiPosti_Kamalondo:

Ukisafisha kichwa na alkoli, muziki unasikika wazi zaidi juu ya hiyo ssss. Nyinyi hamkuwa mnasafisha.

Mtu_wa_Ruashi:

Fundi, lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, inafaa?

FundiPosti_Kamalondo:

Hapana. Itaharibu kichwa, cha walkman na cha kwako.

Ya_Bijou:

Walkman ya kwanza ya Sony, TPS-L2, ilitoka Japani Julai 1979, na ilikuwa na matundu MAWILI ya ekuteri. Mawili! Wewe na mtu wako, kila mmoja na masikio yake yote, sterio kamili. Leo munagawana kiekuteri kimojakimoja, yeye anasikia gitaa la kushoto, wewe ngoma za kulia, ndoa itasimama wapi?

Kijana_wa_Kasapa:

Ndoa haivunjwi na bluetooth, Yaya.

Ya_Bijou:

Uliza jirani yangu. Simu yake ilijiunga na bafle ya sebuleni akiwa nje anasikiliza ujumbe wa sauti. Nyumba nzima tuliusikiliza. Mama mkwe alikuwa amekuja kusalimia.

Mtu_wa_Ruashi:

Hiyo ni ndogo. Sisi kwenye matanga, bafle ya wimbo za huzuni iko katikati ya uwanja, mtoto fulani ndani ya nyumba akabonyeza simu yake. Watu wanalia, maiti iko njiani inaletwa, mara ndombolo, tena pale penye kelele za wacheza dansi.

Shahidi_wa_Mihogo:

Kuna aliyecheza?

Mtu_wa_Ruashi:

Mjomba wa marehemu alisimama. Alisema mguu ulimkaza.

PapaKasete_Katuba:

Jamani. Utepe. Mtu AMEVUTA UTEPE WANGU na ukucha. Turudi hapo.

MamaMapacha:

Papa pole. Ila nyinyi munalilia walkman ambayo inaimba ndani ya sikio la mtu mmoja. Karibu na kwangu kuna kanisa lenye bafle nne, na zote nne zinatazama dirisha langu, si waumini. Usiku wa maombi hata Mungu analala upande mwingine. Nilienda kuwaomba wapunguze, wakaniombea.

Yaya_Mado:

😂😂😂 Wakakuombea!

MamaMapacha:

Kwenye maikrofoni. Na jina langu.

Mtu_wa_Ruashi:

Afadhali wewe unajua saa za kuanza. Ndani ya taksibasi asubuhi dereva ana muziki wake, konda ana wa kwake, na kijana wa nyuma anapiga video za kuchekesha bila ekuteri, anarudia ileile mpaka tunashuka.

Kijana_wa_Kasapa:

Labda ekuteri yake iko mferejini pia.

Ya_Bijou:

Na megabaiti? Nani atazungumzia megabaiti? Unanunua asubuhi, hujafungua hata wimbo, mchana wanakuambia zimeisha. Zimesikilizwa na nani?

Shahidi_wa_Mihogo:

Subirini. Mtu wa Ruashi, huyo mjomba wa matanga ni yule mfupi wa kofia ya ngozi?

Mtu_wa_Ruashi:

Ndiye.

Shahidi_wa_Mihogo:

Alikuja kwetu kuazima viti vya plastiki vya arusi ya binti yake. Arusi imekwisha, binti amekwisha kuzaa, viti hatujaviona.

MamaMapacha:

Vyeupe?? Vyenye herufi za rangi nyekundu chini?

Shahidi_wa_Mihogo:

Ndiyo. Umeviona wapi?

MamaMapacha:

Kanisani. Watu wamevikalia kila usiku wa maombi.

PapaKasete_Katuba:

Fundi, uko kibandani mpaka saa ngapi leo?

Mtu_wa_Ruashi:

Mama, piga picha ya hivyo viti, usipige na flash.