Redio ya Tanga inatutangazia foleni ya Ubungo! Hii sasa ni dharau

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la burudani, maana hakuna burudani hapa.

Naizungumzia ile redio ya biashara ya hapa Tanga mjini. Jina silitaji. Wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora mnaijua, na nyie wa Muheza na Pangani mnaoweka redio dirishani ndiyo inase vizuri mnaijua pia. Wiki hii, asubuhi watu wanajiandaa kwenda kazini, mtangazaji anatuarifu kwa msisitizo kabisa kwamba Ubungo, kule Dar es Salaam, hapapitiki. Ubungo! Zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa! Dereva wa daladala ya Pongwe aifanyie nini taarifa hiyo, aweke akiba?

Wadogo zangu ambao hamkuwepo, hii redio haikuwa hivi. Kwa miaka mingi nchi hii ilisikiliza redio ya serikali tu, tangu enzi ya Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 mpaka RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) tuliyokua nayo wengi wetu. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango, Radio One ikaanza 1994, kisha mikoani nako zikaanza kuota. Yetu ilikuja na wimbi hilo. Chumba kimoja ghorofani, deki za kaseti, na watangazaji wanaoongea kama watu wa hapa. Umeme ukikatika na redio inakatika, ukirudi mtangazaji anaomba radhi na kuendelea alipoishia. Hakuna aliyenuna.

Na nani aliilisha? Kadi za salamu! Unanunua kadi dukani, unajaza majina mpaka pembeni, shangazi wa Maramba, shemeji wa Korogwe, mafundi wote wa gereji, mwisho unaandika wimbo unaoutaka na kuomba Mungu mtangazaji aweze kuusoma mwandiko wako. Kuna watu walikuwa maarufu mkoa mzima kwa salamu tu, wana majina ya kujipachika, wakiingia msibani watu wananong'ona "ndiye huyo". Wakaunda vyama, wakawa wanazikana na kuozana. Meneja wa wakati ule alikuwa akisema mwenyewe hewani kwamba jenereta limenunuliwa kwa hela za kadi. Sasa leo anakuja mtu mwenye tai kutuambia salamu "hazina soko". Hilo jenereta lilinunuliwa na nani, mjomba wako?

Ijumaa usiku ilikuwa taarab, na si taarab ya kubahatisha: Black Star, Lucky Star, Bi Shakila anaimba mpaka jirani anazima ya kwake aje kusikiliza kwako. Jumapili Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Hivi ni vitu vya mji huu, vimetoka kwenye mitaa hii. Mechi ya Coastal Union na African Sports pale Mkwakwani ilitangazwa dakika zote, na mtangazaji asiyeficha kuwa yeye ni Mgosi, yaani wa Coastal damu (ubingwa wao wa 1988 alikuwa anauingiza hata kwenye utabiri wa hali ya hewa). Mkulima wa machungwa wa Muheza alisikia bei ya siku hiyo kabla dalali hajafika shambani kwake na uongo wake.

Mmiliki mpya alipoichukua, vyote hivyo vikafagiliwa. Asubuhi tunaunganishwa na Dar. Mchana ni nani kaachana na nani huko Sinza. Jioni Simba na Yanga, kisha mikeka ya kubeti, saa nzima mtu anakusomea odds kama anasoma Maulidi. Coastal ikicheza nyumbani unasikia matokeo tu, tena kesho yake.

Lililonitoa roho ni hili. Mzee wetu alifariki Mkinga. Tukaenda kulipia tangazo la kifo lisomwe mara tatu, tukapewa na risiti. Ndugu wa Pangani wanategemea redio, kule walipo mtandao ni wa kupanda mnazi. Saa ya matangazo ya vifo ikapita, wanasoma mikeka. Jioni kimya. Likasomwa mara moja tu, usiku, tumeshazika. Dada wa marehemu alifika kesho yake kumkuta kaka yake kaburini. Nilipokwenda kuuliza, binti wa mapokezi akaniambia ratiba inapangwa Dar. Risiti ninayo mpaka leo.

Na Mei 2024, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ilipotoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya kwa ukanda wa pwani, wavuvi wa mwalo wa Deep Sea hapa Tanga walihitaji mtu wa kuwaambia kila baada ya muda bahari ikoje. Tulipewa dondoo moja kwenye taarifa ya habari, tukarudishwa kwenye promosheni ya jackpoti.

Najua kuna mtu anakuja kusema "ni biashara, mwenye mali anafanya atakalo". Mali yake ni meza na maiki. Masafa si yake. FM inaanzia 87.5 na kuishia 108, ndani ya hapo nafasi ni za kuhesabu, na anayekaa hapo amekaa kwa leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano). Akikalia masafa ya Tanga kutupa habari za Sinza, kuna mwana Tanga mwingine kamfungia nafasi. Kama anataka kuwa redio ya Dar, barabara ipo, mabasi yapo kuanzia alfajiri.

Barua ya TCRA nimeshaiandika, nakala ya risiti nimeambatanisha. Mwenye risiti kama yangu anicheki PM tuziweke pamoja kabla ya Jumatatu.

Na wewe mtangazaji unayesoma hapa kimya kimya, najua umo, wewe sikulaumu, najua hata mshahara mnapigwa danadana. Mwambie bosi wako matangazo ya vifo yarudi saa 7 mchana, yasomwe kabla ya mikeka.